Bendi zetu Kakamega hazifi kwa kukosa kipaji, zinakufa kwa kukosa daftari

Nitajie bendi moja ya vijana hapa Kakamega mjini ambayo imecheza pamoja miaka kumi, watu wakiwa walewale. Chukua muda wako. Anzia Amalemba, pitia Milimani, nenda hadi Lurambi, kisha urudi ukae Muliro Gardens ufikirie vizuri.

Wengi wetu tutakwama. Tunakumbuka bendi zilizokuwa. Ziliwaka msimu mmoja wa harusi za Desemba, zikajaa Facebook na TikTok, na kufikia Pasaka mpiga gitaa ashahamia Eldoret, mwimbaji ameanza mambo yake peke yake, na spika zimeuzwa. Ukiuliza nini kilitokea, kila mmoja ana hadithi yake. Lakini ukizisikiliza hadithi zote nne utaona zinaishia mahali pamoja: pesa ya shoo fulani iliingia kwenye simu ya mtu mmoja.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na tangu hapo nimekuwa nikiandika mtandaoni kuhusu wasanii wa huku kwetu. Nimekaa kwenye mazoezi mengi, sebuleni kwa watu, nyuma ya makanisa, kwenye vibanda vya mabati ambavyo mchana ni kinyozi na usiku ni studio. Kipaji kipo, wasee. Kipaji hakijawahi kuwa shida ya Kakamega. Shida ni kwamba hatujui kukaa pamoja kama kundi. Na leo nataka tujifunze hilo kutoka kwa watu ambao hatungewafikiria kabisa: wacheza fidla wa muziki wa klasiki.

Usifunge ukurasa. Ngoja nieleze.

Kuna aina ya kundi inayoitwa kwarteti ya nyuzi. Ni watu wanne tu: fidla mbili, viola moja, ambayo ni kama fidla yenye sauti nzito kidogo, na selo, ile kubwa inayochezwa mtu akiwa ameketi. Mtindo huu ulipata umbo lake Ulaya katika karne ya 18, na Joseph Haydn peke yake aliuandikia kazi zaidi ya 60. Okestra kubwa ina mtu anayesimama mbele na kijiti akiwaongoza wengine. Kwarteti haina. Hakuna bosi jukwaani. Wanne wanasikilizana, wanatazamana, wanapumua pamoja, na mmoja akikosea hana pa kujificha, kwa sababu kila mmoja ana sehemu yake ambayo hakuna mwingine anaicheza.

Sasa fikiria kuishi hivyo kama kazi. Watu wanne, hakuna mkubwa, mnasafiri pamoja, mnalala hoteli moja, mnagawana malipo, mnabishana kila siku jinsi ya kucheza mstari mmoja wa muziki. Kwa hesabu ya kawaida kundi kama hilo lingevunjika kabla ya Krismasi. Lakini yako yaliyodumu zaidi ya umri wa wazazi wetu.

Chukua Kronos Quartet ya Marekani. Ilianzishwa mwaka wa 1973 mjini Seattle na kijana mpiga fidla, David Harrington, ambaye hakuwa hata amefika miaka 25. Alikuwa amesikia redioni kazi ya mtunzi George Crumb iitwayo Black Angels, muziki wa nyuzi ulioandikwa wakati wa vita vya Vietnam, wenye makelele na maumivu ya vita vyenyewe. Akaamua kwamba anataka kundi la kucheza muziki wa aina hiyo, muziki wa wakati wake.

Pesa hakuwa nayo. Kazi ya kwanza kabisa ambayo Kronos iliagiza kutoka kwa mtunzi, jamaa anayeitwa Ken Benshoof, ililipiwa kwa mfuko wa donati. Ndiyo, donati. Ni kama wewe umwambie producer wako pale Masingo akutengenezee ngoma na umlipe kwa mandazi ya mia moja. Lakini ona alichofanya: alilipa. Kidogo, lakini kilikubaliwa na pande zote mbili na kikatolewa. Hakusema "tutaangaliana baadaye", ile sentensi iliyozika bendi nyingi za huku kwetu.

Leo Kronos ina zaidi ya miaka 50, na kazi zilizoandikwa au kupangwa upya kwa ajili yao zimepita 1,000. Walishinda Grammy mwaka wa 2004 na wakapata tuzo ya Polar ya Uswidi mwaka wa 2011. Na kuna jambo ambalo linatuhusu moja kwa moja. Mwaka wa 1992 walitoa albamu inayoitwa Pieces of Africa, yote ikiwa ni kazi za watunzi wa Afrika. Kuna Dumisani Maraire wa Zimbabwe, Hamza El Din kutoka Nubia, Obo Addy wa Ghana, na kuna Justinian Tamusuza wa Uganda. Kazi ya Tamusuza ina jina la Kiganda, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani katika njia ya msalaba.

Uganda, jamani. Hapo ng'ambo ya Busia. Mtu aliyekulia kwenye ngoma na nyimbo za kijijini kwao aliandika muziki wa fidla kwa kutumia midundo ya Kiganda, na kundi la San Francisco likaucheza dunia nzima. Hakusubiri muziki wa klasiki umkubali. Aliuleta nyumbani.

Najua kuna mtu tayari ameshaandika maoni hapo chini: "Hiyo ni mambo ya wazungu, sisi tuna isukuti." Sawa, tuongee.

Kwanza, nyuzi si za wazungu peke yao. Waluhya tuna shiriri, uzi mmoja na upinde wake, na majirani zetu Waluo wana orutu. Wabukusu wana litungu. Kule Zanzibar, kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilianza mwaka wa 1905 na bado kipo, na fidla ni sehemu ya taarab ile. Kule Afrika Kusini, ndugu watatu wa familia ya Khemese pamoja na Makhosini Mnguni waliunda Soweto String Quartet, na mwaka wa 1994 wakatoa albamu ya Zebra Crossing, wakicheza midundo ya mitaa yao kwa fidla, viola na selo. Hapa Kenya, Elizabeth Njoroge alianzisha Ghetto Classics mwaka wa 2008 kule Korogocho, karibu na jaa la taka la Dandora, na watoto wa pale wanacheza fidla na selo kama watoto wengine wowote.

Pili, hiyo isukuti yenyewe. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Soma tena: kulindwa haraka. Maana yake ni kwamba inaweza kupotea. Tunaitumia kama ngao mtandaoni, lakini ni wangapi kati yetu tunaojua kuipiga? Isukuti nayo hupigwa kwa seti: ngoma kubwa, ya wastani na ndogo, na kila moja ina kazi yake. Ukiondoa moja, mtu yeyote wa Shinyalu atakwambia kuna kitu kimekosekana. Hiyo ni akili ileile ya kwarteti. Babu zetu waliijua.

Tatu, wa kwetu walishawahi kufanya hivyo. Abana ba Nasery kutoka Bunyore walikuwa watatu: Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola. Gitaa mbili na chupa ya Fanta iliyokwaruzwa kutoa mdundo. Walianza miaka ya 1960, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wakizuru Uingereza na kurekodi huko wakiwa bado ni walewale watatu. Sijui kama mnapata uzito wa jambo hilo. Zaidi ya robo karne, watu watatu, chupa moja. Vijana wengi wa umri wangu hawajawahi hata kusikia jina lao, na walitoka hapo tu ukishuka kuelekea Kisumu.

Kwa hivyo swali halisi ni hili: hawa wote waliwezaje kukaa?

Nikirudi kwa kwarteti, naona jibu moja kubwa, nalo si mapenzi wala urafiki. Ni makubaliano. Kila kundi lililodumu lilijua mapema mambo ambayo sisi tunaona aibu kuyataja: pesa inagawanywaje, nani anaamua nini, mtu akiondoka itakuwaje, jina la kundi ni la nani.

Tazama mfano wa mtu kuondoka. Kulikuwa na kwarteti maarufu sana ya London iitwayo Amadeus. Watatu kati yao walikuwa Wayahudi waliokimbia Vienna baada ya Hitler kuingia Austria, na walikutana wakiwa wamezuiliwa na Waingereza kama raia wa nchi adui. Walipoachiliwa wakampata mcheza selo Mwingereza, wakaanza kazi mwaka wa 1947. Walicheza miaka 40 bila kubadilisha hata mtu mmoja. Mwaka wa 1987 mcheza viola wao, Peter Schidlof, alipofariki, waliobaki hawakutafuta mwingine. Wakafunga. Kwao kundi lilikuwa ni wale wanne, basi.

Kronos walichagua njia nyingine. Mcheza selo wao wa miaka mingi, Joan Jeanrenaud, aliondoka mwaka wa 1999, na tangu hapo kiti kile kimekaliwa na watu kadhaa. Mwaka wa 2024 wawili waliokuwa na Harrington tangu miaka ya 1970, John Sherba na Hank Dutt, walistaafu, wakaingia vijana. Kronos inaendelea. Inawezekana kwa sababu nyuma ya wale wanne kuna shirika lisilo la kutengeneza faida, lililosajiliwa, lenye wafanyakazi na vitabu vya hesabu. Mtu akitoka, haondoki na kundi mfukoni.

Njia zote mbili ni halali. Kinachoua ni kutokuwa na njia. Bendi zetu, mtu mmoja akiondoka anaondoka na kibodi, na ukurasa wa Facebook, na namba za wateja, na jina. Waliobaki wanaanzisha bendi mpya yenye jina linalofanana, halafu mnaanza kutukanana kwenye status. Wateja wanachoka. Mwenye harusi anaamua kumwita DJ, na hapo nyote mmekosa.

Na sisemi haya ya kusikia. Kuna kundi la marafiki zangu wanne, siwataji, waliokuwa wazuri kiasi kwamba wazee walikuwa wakilia matangani wakiimba. Waliitwa kwenye harusi moja ya watu wenye uwezo. Walicheza kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni. Malipo yakatumwa kwa M-Pesa ya aliyekuwa akijibu simu. Yeye akatoa kwanza nauli, mafuta ya jenereta, na deni la kukodi spika ambalo wenzake hawakuwa na habari nalo. Wakabaki na kidogo. Aliwaambia ukweli, nadhani, lakini hakuwa ameandika kitu popote. Wiki tatu baadaye hakukuwa na kundi. Hakuna aliyeiba. Kilichokosekana ni daftari la shilingi hamsini.

Sasa niambie kwa nini kwaya zetu hazifi. Nenda kanisa lolote hapa, la Friends, la Katoliki, la ACK, la Salvation Army. Utakuta kwaya ya miaka ishirini, thelathini. Wana mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Wana siku ya mazoezi, na ukichelewa unalipa faini. Sare ni za kwaya, hazibebwi na mtu akihama. Mama zetu pia wana chama ambacho kimedumu kuliko ndoa nyingi za mtaa huu, na siri yake ni kitabu kilekile na mkutano uleule wa kila mwezi. Kwa hivyo utaratibu huu hatuukopi kutoka Marekani wala London. Uko nyumbani, ni sisi vijana tumeuona kama mambo ya wazee.

Basi kwa bendi yoyote ya watu watatu, wanne, watano inayosoma hapa, haya ndiyo ninayopendekeza.

Kaeni chini kabla ya shoo inayofuata, si baada yake. Andikeni ukurasa mmoja: mgao wa pesa, kiasi kinachobaki kwenye kundi kwa ajili ya nyuzi, nauli na ukarabati, vifaa ni vya nani, na mtu akitaka kutoka anatoa notisi ya muda gani. Wekeni sahihi. Mkiona aibu kuandika, jueni hiyo aibu itawagharimu.

Sajilini jina la kundi kama biashara ya ushirika kupitia eCitizen, lenye majina yenu wote. Fungueni akaunti inayohitaji sahihi zaidi ya moja. Nyimbo mlizotunga wenyewe zisajilini kwa KECOBO, na muandike waliotunga ni nani, hata kama mmoja alileta maneno tu.

Fanyeni mazoezi hata kama hakuna shoo. Kwarteti hazikutani siku ya kazi tu. Ukizisikia zinavyoanza noti moja pamoja bila mtu kuhesabu, hiyo ni miaka ya kukaa chumba kimoja.

Na chezeni kitu ambacho ni chenu. Ukipiga nyimbo za wengine kila Jumamosi, mteja hana sababu ya kukuita wewe badala ya yule wa bei rahisi. Kronos ilijulikana kwa kuagiza muziki mpya. Na kwa wale wachache mnaojifunza fidla makanisani na shuleni, mjue Kronos wana mradi uitwao 50 for the Future, kazi 50 zilizoandikwa kwa ajili ya makundi machanga, zikiwemo za Angélique Kidjo wa Benin na Fodé Lassana Diabaté wa Mali. Karatasi za muziki ziko kwenye intaneti bure. Hauhitaji karo, hauhitaji barua ya chuo. Bando tu.

Mtu atasema: wao wana wafadhili, sisi tuna njaa. Ni kweli. Kronos inapata misaada na ruzuku ambazo bendi ya Kakamega haiwezi kuziota, na kwarteti nyingi hata huko nje wanachama wake hufundisha ili walipe kodi ya nyumba. Sitawadanganya kwamba ukurasa mmoja wa makubaliano utawafanya muomoke. Fidla ni ghali, nyuzi zinakatika, na wateja wengine bado wanaamini soda na sahani ya pilau ni malipo. Lakini hakuna mfadhili anayeweka pesa kwenye kundi ambalo halina uhakika wa kuwepo mwaka ujao. Daftari linatangulia, kisha ndiyo pesa zije.

Kaunti pia isikae kando. Tumeona pesa zikienda Bukhungu awamu baada ya awamu, na sipingi, mpira ni wetu. Lakini hata ukumbi mmoja mdogo wenye stima na kufuli, ambapo makundi yanaweza kuandikisha saa za mazoezi, ungebadilisha mambo mengi kuliko jukwaa la siku moja la wanasiasa. Mwaka huu wa 2026 wanafunzi wa kwanza wa CBE wameingia sekondari ya juu, na mmoja wa mikondo mitatu ni wa sanaa na michezo. Mzazi atakubalije mtoto achague mkondo huo ikiwa kila mwanamuziki anayemjua mtaani ana bendi iliyovunjika?

Hapo ndipo tunapowaangusha wadogo zetu. Wanatutazama sisi kuona kama hii ni kazi ya kweli au ni mchezo wa kabla ya kupata kazi. Tukivunjika kila Pasaka, tunawajibu.

Kwa hivyo jioni hii, kabla ya kuulizana nani ana usafiri wa kwenda shoo ya Jumamosi, mmoja wenu apitie dukani anunue daftari. Andikeni majina yenu wote kwenye ukurasa wa kwanza. Kisha mwanze kubishana kuhusu pesa mkiwa bado mnapendana.